Utepe wa Redio na Albamu: Suala la Matini Kamili katika Nyimbo za Remmy Ongala, 1978–1992

Ikisiri

Katika tahakiki za muziki wa kisasa, rekodi ya majaribio ambayo haikuuzwa huchukuliwa kuwa rasimu, na wimbo uliomo katika albamu huchukuliwa kuwa kazi kamili. Makala haya yanahoji mgawanyo huo kwa kutumia historia ya nyimbo za Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu aliyejipatia jina Dar es Salaam. Yanalinganisha mazingira na maumbo ya rekodi za redio, ambazo wakati wake hazikutolewa kwa ajili ya kuuzwa, na albamu tatu zilizotolewa Uingereza mwaka 1988, 1989 na 1992. Hoja kuu ni kwamba katika Afrika Mashariki utepe wa redio ulikuwa ndio uchapishaji wenyewe, na albamu ilikuwa toleo jingine kwa hadhira nyingine. Kwa hiyo mtafiti anayenakili maneno ya wimbo kutoka katika albamu bila kutaja toleo hufanya kosa lile lile ambalo mhariri wa tenzi asingesamehewa. Makala yanapendekeza kwamba kanuni za uhakiki wa miswada ya Kiswahili zitumike pia kwa nyimbo zilizorekodiwa.

1.0 Utangulizi

Kilima cha Kinyinya, katika wilaya ya Gasabo jijini Kigali, kina nafasi katika historia ya Kiswahili ambayo hutajwa kwa nadra. Kwa nusu karne, kuanzia mwaka 1965 hadi tarehe 28 Machi 2015, hapo ndipo kilipokuwa kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle, redio ya Ujerumani. Idhaa ya Kiswahili ya redio hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1963. Vipindi viliandaliwa Cologne, na miaka ya baadaye Bonn, lakini kwa wasikilizaji wengi wa mawimbi mafupi sauti ilianzia safari yake ya mwisho juu ya kilima hicho. Kinyinya haikuandaa kipindi wala haikurekodi sauti. Kazi yake ilikuwa kurusha. Hata hivyo, bila kazi hiyo maneno yaliyosemwa Ulaya yasingekuwa yamemfikia mtu.

Mfano huu unaweka wazi jambo ambalo historia ya fasihi huelekea kulisahau. Katika eneo la Maziwa Makuu na pwani yake, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, redio haikuwa chombo cha kutangaza tu kazi zilizokwisha chapishwa mahali pengine. Redio yenyewe ilikuwa mchapishaji. Habari, hadithi, shairi au wimbo ulihesabika kuwa umetoka pale uliposikika hewani. Karatasi na santuri vilifuata baadaye, au havikufuata kabisa.

Jambo hilo lina uzito kwa uchunguzi wa nyimbo. Wahakiki wa muziki wa Ulaya na Marekani wamezoea kutofautisha rekodi ya majaribio, ambayo hapa itaitwa demo kama wanavyoiita wanamuziki wenyewe, na wimbo uliokamilishwa kwa ajili ya albamu. Demo hutazamwa kama rasimu ya mwandishi: ina thamani kwa anayetaka kujua kazi ilivyozaliwa, lakini si kazi yenyewe. Mara chache tu mpangilio huo hupinduka. Mwaka 1982 Bruce Springsteen aliimba peke yake nyumbani, akajirekodi kwa mashine ndogo ya kaseti yenye njia nne, kwa nia ya kuionesha bendi yake nyimbo mpya. Bendi ilipozirekodi upya, matokeo hayakumridhisha, na ile kaseti ya nyumbani ndiyo iliyotolewa kuwa albamu ya Nebraska. Tukio hilo hukumbukwa kwa sababu ni tofauti na kawaida.

Swali la makala haya ni kama kawaida hiyo ilipata kuwa kawaida katika Afrika Mashariki. Ulinganishi unaofanywa ni wa mazingira ya uzalishaji, umbo la wimbo na hadhira iliyokusudiwa. Hauhusu noti kwa noti.

2.0 Istilahi: Kutoka, Kutoa na Kuachia

Lugha yenyewe inatoa ushahidi wa kwanza. Kiswahili husema kwamba wimbo umetoka, au kwamba mwanamuziki ametoa wimbo. Vitenzi hivi havidokezi duka wala santuri. Kitu hutoka kinapovuka mlango na kuonekana na watu, kama vile mwali anavyotolewa nje. Wimbo unaweza kutoka kwa kupigwa ukumbini, kwa kurushwa redioni au kwa kuuzwa. Matumizi ya vijana wa leo, ambao husema msanii ameachia wimbo, yanahifadhi taswira ile ile ya kukiondosha kitu mkononi kiende kwa wengine.

Kwa upande mwingine, Kiswahili hakikuwa na neno la asili kwa demo. Rasimu lingefaa, lakini ni neno la karatasi, wanamuziki hawakulichukua. Neno demo liliingia kwa nguvu katika miaka ya 1990, baada ya sheria kuruhusu redio binafsi Tanzania na baada ya studio za biashara kuanza kurekodi vijana wa kizazi kipya. Kijana alilazimika kuwa na kitu cha kumpelekea mtangazaji au mtayarishaji ili asikilizwe na kukubaliwa. Demo, kwa hiyo, ni neno la soko lenye milango mingi na mabawabu wengi. Kabla ya hapo palikuwa na mlango mmoja mkubwa, nao ulikuwa wa redio ya taifa.

Ikiwa jamii haikuwa na neno la rekodi ambayo bado haijakamilika, mtafiti anapaswa kujihadhari asiipachike dhana hiyo kwenye rekodi za wakati huo kwa sababu tu hazikuwahi kuuzwa.

3.0 Santuri na Kipimo cha Dakika Tatu

Kabla ya utepe palikuwa na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri za wakati huo zilikuwa na nafasi ya takriban dakika tatu kila upande. Taarab ya Siti nyumbani kwake Zanzibar haikuwa na kipimo hicho. Ilikuwa shughuli ya usiku kucha, yenye maombi ya wasikilizaji, marudio na utani. Kilichonaswa Bombay ni mkato wa sanaa hiyo, uliokatwa kwa kipimo cha chombo. Wasikilizaji wake wa Zanzibar walijua hivyo, kwa kuwa walikuwa na upande wa pili wa kulinganisha. Msikilizaji wa leo hana.

Santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970 ziliendeleza kipimo hicho. Wimbo wa dansi ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya polepole, ambamo kisa husimuliwa na mafunzo kutolewa, na ya pili iitwayo chemko, ambamo mwendo huongezwa, magitaa hujibizana na wachezaji hupata nafasi yao. Mtayarishaji wa santuri mara nyingi aliukata wimbo katikati: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Mnunuzi alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri pale pale ambapo mchezaji wa ukumbini asingesimama.

Historia ya wimbo Malaika inaonesha athari nyingine. Kwa mujibu wa masimulizi yanayorudiwa sana, Fadhili William aliurekodi na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, rekodi hiyo ikapotea, naye akaurekodi upya katika studio ya Equator Sound jijini Nairobi, chini ya Charles Worrod. Rekodi ya pili ndiyo iliyojengewa madai ya mrabaha, na madai ya watu wengine kwamba wao ndio watunzi yamebaki yakibishaniwa hadi leo. Hapa rekodi ya kwanza ilikuwa na hali ya demo kwa bahati mbaya tu: si kwa sababu haikuwa imekamilika, bali kwa sababu haikuhifadhiwa. Iliyobaki ndiyo iliyopewa jina la kazi halisi.

4.0 Utepe wa Radio Tanzania Dar es Salaam

Tanzania ya ujamaa haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi, na njia hiyo nayo ilikuwa na vikwazo, hasa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa mwaka 1977. Kwa bendi nyingi, studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyokuwa mahali pa kurekodi. Tafiti za Askew (2002) na Perullo (2011) zimeeleza kwa kina jinsi dola, redio na bendi zilivyofungamana katika kipindi hicho.

Utaratibu wa kurekodi una maana kwa hoja ya makala haya. Kwanza, maneno ya wimbo yalikaguliwa kabla ya bendi kuingia studio. Kwa hiyo wimbo uliofika mbele ya maikrofoni ulikuwa umekwisha pita katika hatua ya rasimu: ulikuwa umetungwa, umefanyiwa mazoezi, mara nyingi umepigwa ukumbini mbele ya wachezaji, na umesomwa na wakaguzi. Pili, bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Hapakuwa na nafasi ya mwimbaji kurudi baada ya wiki kubadili ubeti mmoja. Tatu, utepe haukuwa na upande wa kugeuzwa. Wimbo ungeweza kwenda kutoka kisa hadi chemko bila kukatwa, na kwa jambo hilo utepe ulikuwa karibu zaidi na ukumbi kuliko santuri ilivyokuwa.

Baada ya kurekodiwa, utepe uliwekwa katika maktaba ya redio na kurushwa. Haukuuzwa. Kwa kigezo cha biashara ya muziki, rekodi hizi ni zile ambazo hazikutolewa. Kwa kigezo cha msikilizaji, hakuna rekodi zilizotolewa kwa upana zaidi. Watu wa Mwanza, Kigoma na Bukoba, na majirani zao wa ng'ambo ya mipaka ambao redio zao zilinasa mawimbi ya Dar es Salaam, walizijua kwa moyo nyimbo ambazo hakuna aliyepata kuzishika mkononi.

Mfano wa Mbaraka Mwinshehe unaonesha njia zote mbili zikienda sambamba. Akiwa na Morogoro Jazz, na tangu mwaka 1973 akiwa na Super Volcano, alijulikana kwa redio. Santuri za Kenya nazo zilimpa wanunuzi. Alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, kampuni ya Polygram ilikusanya santuri hizo katika mfululizo wa albamu uitwao Ukumbusho. Tangu hapo, kwa msikilizaji aliyezaliwa baadaye, Mbaraka ni yule wa Ukumbusho. Uteuzi wa kampuni moja umegeuka kuwa diwani ya mtunzi.

5.0 Albamu Tatu za Remmy Ongala

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mashariki mwa Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaiongoza Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Nyimbo zake kuhusu kifo, umaskini, yatima na haki zilimpatia jina la sauti ya wanyonge. Sifa hiyo aliipata akiwa hana albamu yake sokoni. Aliipata ukumbini na kwa redio.

Simulizi ya alivyofika Ulaya inajulikana. Rafiki Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao aliondoka na kanda ya nyimbo zake na kuifikisha kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa. Katika safari hiyo kanda ile ile ilibadili hadhi. Dar es Salaam ilikuwa nakala ya kazi ambayo nchi nzima inaijua. Ilipofika Uingereza ikawa demo, yaani kielelezo cha kumwonesha mwenye mamlaka ya kuamua. Sauti zilizomo hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani anayesikiliza na kwa kusudi gani.

Albamu tatu zilizofuata zinaweza kupangwa kwa umbali wake kutoka katika utepe wa redio.

5.1 Nalilia Mwana (1988)

Albamu ya kwanza, iliyotolewa na WOMAD, ilikusanya nyimbo zilizorekodiwa Tanzania. Hapa umbali ni mdogo kabisa: rekodi ya nyumbani ndiyo albamu. Hata hivyo, kuna kilichoongezwa na kilichopunguzwa. Kilichoongezwa ni jalada, mpangilio wa nyimbo na maelezo kwa msomaji asiyejua Kiswahili. Kilichopunguzwa ni sauti ya mtangazaji, saa ya kipindi na nyimbo nyingine zilizokuwa zikirushwa kabla na baada. Katika redio, wimbo wa kilio ungeweza kufuatwa na salamu za wagonjwa au taarifa ya bei ya mazao. Katika albamu unafuatwa na wimbo mwingine wa mtu yule yule. Msikilizaji wa albamu hukutana na mtunzi. Msikilizaji wa redio alikutana na wimbo ukiwa katikati ya maisha ya siku hiyo.

5.2 Songs for the Poor Man (1989)

Albamu ya pili ilirekodiwa katika studio za Real World, kijijini Box, Wiltshire, na kutolewa mwaka 1989. Imo humo orodha ya nyimbo za Kiswahili kama Kipenda Roho, Muziki Asili Yake Wapi na Sauti ya Mnyonge. Hii ndiyo hatua ambayo mhakiki wa kawaida angeiita kukamilisha: studio kubwa, njia nyingi za kurekodia na wahandisi wenye muda wa kusawazisha kila gitaa.

Sikio linakiri faida yake. Magitaa yanasikika yakiwa yametengana, tumba zina nafasi yake, na sauti ya mwimbaji imesogea mbele. Lakini katika dansi, kutengana si lazima kuwe ni ubora. Gitaa la solo, la rithimu na la besi hufumwa kama ukili. Anayeufumua ili kila uzi uonekane anaweza kupoteza mkeka. Utepe wa redio, kwa ufinyu wa vifaa vyake, ulimfikishia msikilizaji mfumo mzima kama anavyoupata aliyesimama nyuma ya ukumbi. Wiltshire ilimfikishia kama anavyoupata aliyesimama jukwaani. Hayo ni maamuzi mawili kuhusu mahali pa kumweka msikilizaji, na hakuna sababu ya kuliita mojawapo rasimu ya jingine.

Kichwa cha albamu nacho ni cha kuangaliwa. Nyumbani Remmy alisema kwa niaba ya wanyonge, mbele ya wanyonge. Kichwa cha Kiingereza kinatangaza kwamba nyimbo hizi ni za mtu maskini, lakini kinawaambia hivyo wanunuzi ambao kwa kiasi kikubwa si maskini. Mnenwa amekuwa mada, na nafasi ya msemeshwa imechukuliwa na mwingine.

5.3 Mambo (1992)

Katika albamu ya tatu umbali ni mkubwa zaidi, na umo ndani ya utunzi wenyewe. Zimo nyimbo zenye vichwa vya Kiingereza, kama One World, No Money, No Life na I Want to Go Home, kando ya Kidogo Kidogo, Dodoma na Mrema. Mtunzi anawasemesha watu wawili kwa wakati mmoja. Mtanzania wa mwaka 1992 hakuhitaji kuelezwa Mrema ni nani. Msikilizaji wa London alihitaji tanbihi, lakini hakuhitaji tafsiri ya No Money, No Life. Hii si albamu iliyokamilisha kanda za nyumbani. Ni kazi ya hadhira mbili, na inapaswa kusomwa hivyo.

5.4 Wimbo uliokosa utepe

Ulinganishi hautakamilika bila kutaja Mambo kwa Soksi, wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu katika miaka ambayo UKIMWI, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, ulikuwa ukizungumzwa kwa minong'ono. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo haukufa, uliendelea kukumbini, na neno soksi likaingia katika mazungumzo ya watu kwa maana yake mpya. Kisa hiki kinaonesha kwamba kutotolewa kuna sababu zaidi ya moja. Wimbo mmoja haukutoka dukani kwa kuwa hapakuwa na kiwanda. Mwingine haukutoka hewani kwa kuwa mlango ulifungwa. Kuzijumuisha zote katika fungu moja la rekodi ambazo hazikutolewa ni kuifuta historia iliyozitenganisha.

6.0 Jicho la Mhakiki wa Matini

Albert Lord (1960), kwa kuchunguza watambaji wa Yugoslavia, alionesha kwamba katika sanaa ya masimulizi dhana ya matini asilia moja haina mashiko: kila utendaji ni wimbo kamili. Hoja hiyo inasaidia, ila haitoshi, kwa kuwa nyimbo zinazojadiliwa hapa zilirekodiwa, na rekodi hubaki, hunakiliwa na hupata mmiliki.

Msaada wa karibu zaidi umo katika taaluma ya Kiswahili yenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji yaliishi vinywani mwa watu wa Mombasa miongo kadhaa baada ya kifo chake, hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia William Taylor kuyakusanya, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Hakuna mhakiki makini anayelichukulia toleo la Hichens kuwa ndiye Muyaka. Anauliza nani alikumbuka, nani aliandika, kwa hati gani, na mhariri aligusa nini. Miswada ya Al-Inkishafi nayo husomwa kwa kulinganishwa, na pale inapotofautiana mhariri hulazimika kueleza chaguo lake.

Nyimbo za dansi hazijapewa heshima hiyo. Ni jambo la kawaida kwa tasnifu na makala kunakili maneno ya wimbo na kuyachambua bila kusema yametoka katika utepe upi, mwaka gani, na yaliimbwa mbele ya nani. Kwa kuwa albamu hupatikana kwa urahisi, albamu ndiyo inayonakiliwa. Taratibu toleo la hadhira ya Ulaya linageuka kuwa matini ya kufundishia wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Mfano mdogo unatosha kuonesha hatari iliyopo. Katika Mambo umo wimbo ulioandikwa Inchi Yetu. Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataona kosa la tahajia na kulisahihisha kuwa nchi. Akifanya hivyo atakuwa amefuta ushahidi. Irabu inayotangulia nazali ya silabi ni sifa inayosikika katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, alikokulia mwimbaji, na tahajia hiyo hiyo imo katika maandishi ya zamani ya Kiswahili kabla ya usanifishaji. Pia yawezekana kwamba aliyeandaa jalada aliandika alichokisikia. Njia ya kuamua ni moja: kusikiliza jinsi neno hilo linavyotamkwa katika rekodi zote zilizopo za mwimbaji, za redio na za albamu. Ikiwa katika tepe za Dar es Salaam anatamka nchi na katika albamu anatamka inchi, hiyo ni habari kuhusu mwimbaji aliyejilegeza kwa lafudhi ya kwao alipokuwa mbali na wakaguzi. Ikiwa anatamka inchi kote, ni habari kuhusu redio ya taifa iliyokubali lafudhi ya mgeni. Kwa vyovyote vile, tepe zisipokuwepo swali halijibiki.

7.0 Hifadhi na Haki

Hapo ndipo suala la matini linapogeuka kuwa suala la mali na urithi. Utepe wa sumaku ni chombo dhaifu. Hushikwa na ukungu, gundi yake hulegea, na unyevu wa pwani huharakisha yote hayo. Hazina ya RTD, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ni miongoni mwa hazina kubwa za sauti ya Kiswahili duniani. Ikichukuliwa kuwa ni ghala la rasimu ambazo matoleo yake kamili yako sokoni, hakuna atakayeona haraka ya kuinusuru. Ikitambuliwa kuwa ndiyo maktaba ya matoleo ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, haraka itaonekana.

Kwa upande wa haki, albamu ina mkataba, mwaka, namba na jina la kampuni. Fedha hufuata maandishi hayo. Utepe wa redio ulirekodiwa chini ya utaratibu ambao haukumpa mwanamuziki mrabaha wa kudumu kwa kila unaporushwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, wakati sehemu kubwa ya nyimbo zinazoitwa leo zilipendwa ilikuwa imekwisha kurekodiwa, na wengi wa watunzi wake walikuwa wazee au marehemu. Remmy mwenyewe alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Mtaa wa Sinza alikoishi bado una kituo kiitwacho kwa Remmy, na kila siku makondakta hulitaja jina hilo. Umaarufu uliolipa eneo jina ulitokana na nyimbo zilizorushwa. Mrabaha unaoweza kuwafikia warithi unatokana zaidi na zile zilizouzwa. Mtafiti anayeita nyimbo za kwanza rasimu na za pili kazi kamili huwa amekubali hesabu hiyo bila kuichunguza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uhusiano kati ya rekodi ambayo haikuuzwa na wimbo wa albamu, katika historia ya dansi, si uhusiano wa rasimu na nakala safi. Utepe wa redio ulikuwa umekamilika kwa hadhira yake, na albamu ilikamilika kwa hadhira nyingine. Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. La kwanza, kila mtafiti anayenukuu wimbo ataje toleo: mahali, mwaka, chombo na, inapowezekana, tukio. La pili, idara za Kiswahili ziandae matoleo ya kihakiki ya nyimbo, yenye tofauti za kila rekodi, kama yanavyoandaliwa ya tenzi. La tatu, kazi hiyo ianze na tepe, kwa kuwa albamu zinaweza kungoja nazo haziwezi.

Rwanda, iliyokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, ina sababu yake ya kushiriki. Wengi wa wasikilizaji wa redio za Kiswahili wa miaka hiyo wako Kigali leo, wakiwamo waliokulia Tanzania, Uganda na Kongo, na kumbukumbu zao za kile kilichosikika hewani ni ushahidi ambao hakuna jalada la albamu linaloweza kuutoa. Kilima cha Kinyinya sasa kimetengewa makazi mapya ya mradi wa Green City Kigali. Kituo kilichorusha Kiswahili kwa miaka 50 kimenyamaza, lakini waliokisikiliza bado wanaweza kuulizwa, na walio wazee zaidi wanapaswa kuulizwa kwanza.